Maswali ya Wasomaji: Rais Akae Ikulu Muda Gani?

Tangu maneno "wantam" (muhula mmoja) na "tutam" (mihula miwili) yatoke mitandaoni yakaingia kwenye matatu, vibanda vya chai na hata mazishini, barua nyingi zinazofika kwenye meza hii zinauliza kuhusu muhula wa rais wa Kenya. Jopo letu la katiba limejibu zifuatazo. Tumezifupisha barua, lakini hatukubadilisha swali la mtu.

Mhariri, wanafunzi wangu wameniuliza kwa nini rais anapewa miaka kumi, si minane kama Marekani wala kumi na minne. Nikawaambia ni Katiba. Hawakuridhika. (Mwalimu wa Historia, Kondele, Kisumu)

Mwalimu, wana haki ya kutoridhika, maana Katiba yenyewe haitaji miaka kumi popote. Ibara ya 142 inasema mihula miwili, na kila muhula huanza siku rais anapoapishwa na kuisha siku anayemfuata anapoapishwa. Mwai Kibaki aliapishwa 30 Desemba 2002 akakabidhi 9 Aprili 2013: miaka kumi na zaidi ya miezi mitatu. Uhuru Kenyatta aliingia siku hiyo hiyo ya Aprili akatoka 13 Septemba 2022, kabla ya kufikisha miaka tisa na nusu. Kila mmoja alimaliza mihula miwili kamili, na hakuna aliyedaiwa wala kudai siku hata moja.

Kikomo chenyewe kiliingia mwaka 1992. Kabla ya hapo hakikuwepo. Jomo Kenyatta alitawala hadi alipofariki 22 Agosti 1978, na Daniel arap Moi akaapishwa siku hiyo hiyo. Baada ya kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kufutwa Desemba 1991 na vyama vingi kurudi, Bunge liliweka mihula miwili ya miaka mitano. Ila saa ilianza kuhesabu upya: miaka 14 ambayo Moi alikuwa ameshakaa haikuingizwa kwenye hesabu. Akachaguliwa 1992, akachaguliwa tena 1997, na akaondoka 2002 akiwa ametawala miaka 24.

Walioandika Katiba ya 2010 hawakusahau jambo hilo. Katika Jedwali la Sita, kifungu cha 12, waliweka sentensi fupi: aliyechaguliwa kuwa rais kabla ya Katiba hii kuanza kutumika hawezi kuwania urais chini yake. Kwa hiyo Kibaki hakuweza kusema kwamba Katiba mpya imempa ukurasa mpya. Wakenya wengi hawajawahi kusoma sentensi hiyo, lakini sisi tunaiona kuwa kati ya zenye thamani kubwa zaidi katika kitabu chote.

Kwa nini mitano na si minne? Wafundishe wanafunzi kuhesabu bajeti. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na uchaguzi huwa Agosti. Rais aliyeapishwa Septemba 2022 alikuta bajeti ya 2022/23 ikitumika, imepitishwa na bunge lililotangulia. Bajeti zilizo zake mwanzo hadi mwisho ni za 2023/24, 2024/25, 2025/26 na 2026/27. Ile ya 2027/28 ataiandaa, lakini wiki chache baadaye wapiga kura wanaingia vituoni. Muhula wa miaka mitano, basi, una bajeti nne kamili. Ungekuwa wa miaka minne zingebaki tatu. Wa saba, sita. Bajeti ya ziada husaidia kurekebisha mwaka wa kwanza, lakini haiwezi kuugeuza wote.

Bajeti nne zinatosha kufanya upembuzi, kulipa fidia ya ardhi, kutangaza zabuni na kumaliza barabara ya wastani. Hazitoshi kwa mradi mkubwa unaotegemea mkopo au mwekezaji, na hapo ndipo mihula miwili inapoleta tofauti. Hata hivyo mihula miwili nayo haitoi hakikisho. Watu wa Nakuru wanaijua barabara ya Rironi hadi Mau Summit: mkataba ulitiwa saini 2020 chini ya serikali moja na ukavunjwa chini ya nyingine. Tatizo hapo lilikuwa mkataba wenyewe na gharama zake. Muhula mrefu haungelitibu.

Kuna nchi zilizochagua muhula mmoja tu: Mexico na Ufilipino miaka sita, Korea Kusini mitano. Faida yake ni kwamba rais hatumii nusu ya muda wake kusaka kura. Hasara ni kwamba mwananchi hana siku ya kumlipa mwema wala kumwadhibu mbaya. Sisi tunaona mitano mara mbili inafaa Kenya, na tungependelea kila mtu aache kuichokoza.

Je, rais ana haki ya muhula wa pili? Hapa kwetu wengine wanasema ni desturi amalizie kumi. (Mfanyabiashara, Soko Mjinga, Nakuru)

La. Mbili ni kikomo cha juu, haimaanishi kwamba ameahidiwa. Anayetaka muhula wa pili anarudi debeni kama wengine na kutafuta zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti 24 au zaidi. Asipopatikana mgombea aliyetimiza masharti yote mawili, wawili wa kwanza wanarudiana ndani ya siku 30. Ni kweli kwamba hadi sasa kila rais wa Kenya aliyetetea kiti chake katika mfumo wa vyama vingi ametangazwa mshindi, na desturi unayoisikia imetokana na hilo. Sheria haiijui.

Mtu akiongoza muhula mmoja, akashindwa, anaweza kurudi baadaye? (Mama wa Kanduyi, Bungoma)

Mama, jibu unalo nyumbani. Gavana wenu Kenneth Lusaka aliongoza 2013 hadi 2017, akashindwa, akawa Spika wa Seneti, kisha akachaguliwa tena 2022. Ibara ya 180 inayohusu magavana na ya 142 inayohusu rais zote zinasema "zaidi ya mihula miwili" bila kusema lazima ifuatane. Kwa hiyo mihula inaweza kuachana, na bado ni miwili: huu wa sasa ni wa mwisho kwake.

Neno "mfululizo" likiingizwa kwenye katiba linafungua mlango mkubwa sana. Urusi ilikuwa nalo. Vladimir Putin alimaliza mihula miwili mwaka 2008, akawa waziri mkuu kwa miaka minne, akarudi kuwa rais 2012. Kenya aliyemaliza miwili amemaliza, hata akipumzika miaka ishirini.

Naibu akichukua kiti katikati ya muhula, anahesabiwa vipi? Tumebishana hadi usiku na hakuna aliyeshinda. (Kikundi cha vijana, Molo)

Mnabishana kwa sababu karibu kila mtu huhesabu kutoka mwanzo wa muhula. Katiba huhesabu kutoka mwisho. Ibara ya 146 inauliza swali moja: siku alipochukua kiti, ilibaki miaka mingapi hadi uchaguzi ujao wa kawaida? Ikiwa ni zaidi ya miaka miwili na nusu, amehesabiwa muhula mzima na amebakiza mmoja. Ikiwa ni miwili na nusu au pungufu, hajahesabiwa kitu, na anaweza kuwania mara mbili.

Hesabu ya sasa ni hii. Uchaguzi Mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, yaani 10 Agosti 2027. Rudi nyuma miaka miwili na miezi sita, unafika 10 Februari 2025. Naibu ambaye angerithi urais kabla ya siku hiyo angehesabiwa muhula mzima. Anayerithi baada yake hahesabiwi. Kwa hiyo muda mrefu zaidi ambao mtu mmoja anaweza kukaa Ikulu kihalali ni takriban miaka kumi na miwili na nusu: kipande alichorithi, kisha mihula miwili yake.

Kwa magavana kanuni ni hiyo hiyo, na imeshatumika karibu nanyi. Hillary Barchok wa Bomet alichukua kiti Agosti 2019 baada ya kifo cha Joyce Laboso, uchaguzi ukiwa umebakiza miaka mitatu. Kipande hicho ni muhula mzima, na ushindi wake wa 2022 ukawa muhula wa pili. Mutahi Kahiga wa Nyeri alirithi Novemba 2017, na hesabu yake ni kama hiyo.

Naibu rais naye ana kikomo chake cha mihula miwili kama naibu, na kanuni ya miaka miwili na nusu inamhusu pia. Kithure Kindiki aliapishwa 1 Novemba 2024 baada ya Rigathi Gachagua kuondolewa. Palikuwa pamebaki zaidi ya miaka miwili na miezi tisa, kwa hiyo kipande hicho ni muhula mmoja wa unaibu. Lakini miaka ya unaibu haikatwi kwenye urais. William Ruto alikuwa naibu kwa mihula miwili, kisha akaanza urais akiwa na hesabu ya sifuri.

Kila nchi imechagua mpaka wake. Marekani ni miaka miwili: aliyerithi na kutumikia zaidi ya miwili ya muhula wa mwingine anaweza kuchaguliwa mara moja tu. Sheria hiyo iliidhinishwa 1951, baada ya Franklin Roosevelt kuchaguliwa mara nne. Tanzania mpaka ni miaka mitatu. Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 2021 kufuatia kifo cha John Magufuli, muhula ukiwa umebakiza zaidi ya minne, kwa hiyo aliruhusiwa kugombea mara moja tu, 2025. Sisi tunaona mpaka wa Kenya ni wa haki. Tatizo ni kwamba haujapata kujaribiwa kwenye kiti cha rais, na siku utakapojaribiwa, siku tatu nne upande huu au ule wa tarehe zitapelekwa mahakamani.

Bunge likiamka asubuhi na hasira, linaweza kubadilisha muhula kuwa miaka saba? (Mkulima wa miwa, Mumias, Kakamega)

Peke yake haliwezi, ila linaweza kuanzisha. Mwaka 2024 Seneta Samson Cherargei wa Nandi alileta mswada wa kurefusha muhula wa rais, magavana na wabunge kutoka mitano hadi saba, na wananchi wakaupinga vikali. Kelele zile zilisaidia, lakini hata bila hizo mswada ulikuwa na mlima mrefu mbele yake.

Muda wa rais kuwa madarakani umo kwenye orodha ya Ibara ya 255, pamoja na mambo kama Haki za Binadamu, mipaka ya nchi na ugatuzi. Kugusa chochote hapo ni lazima kura ya maoni ipigwe. Njia ni mbili.

Ya kwanza hupitia Bunge. Mswada ukisomwa mara ya kwanza, ni lazima zipite siku 90 kabla ya kusomwa mara ya pili. Siku hizo ndizo za wananchi kutoa maoni. Kisha unahitaji thuluthi mbili ya wanachama wote, si waliohudhuria, katika kusomwa kwa pili na kwa tatu, katika kila bunge: wabunge 233 kati ya 349 na maseneta 45 kati ya 67. Mbunge aliyebaki nyumbani siku hiyo ni sawa na aliyepiga kura ya la. Ukipita, rais kabla ya kutia saini anaiomba IEBC, yaani tume ya uchaguzi, iandae kura ya maoni ndani ya siku 90.

Ya pili huanzia kwa wananchi. Wahusika hukusanya saini za wapiga kura waliosajiliwa milioni moja, IEBC inazikagua, kisha mabunge ya kaunti yana miezi mitatu ya kuujadili mswada. Mabunge 24 yakikubali unafika Bungeni, na kwa kuwa unahusu Ibara ya 255, hauepuki kura ya maoni. Mpango wa BBI, ule wa Rais Uhuru Kenyatta wa kubadilisha Katiba, ulipita hapa ukakwama. Saini zilipatikana na mabunge mengi ya kaunti yaliukubali, lakini Machi 2022 Mahakama ya Upeo iliamua kwamba rais hawezi kuanzisha njia hii, kwa kuwa ni ya mwananchi wa kawaida.

Kura ya maoni yenyewe ina mtego mmoja ambao watu huusahau. Wengi wa waliopiga kura wakisema ndiyo, bado haitoshi. Ni lazima pia katika angalau nusu ya kaunti, yaani 24, wawe wamejitokeza asilimia 20 ya waliosajiliwa. Watu wakisusia, ndiyo inaweza kushinda na bado ikafa.

Mswada wa aina hii ukitua mikononi mwako, usianze na ukurasa wa kwanza wenye maneno matamu kuhusu maendeleo. Nenda mwisho, kwenye vifungu vya mpito, utafute majibu ya maswali mawili: unaanza lini kutumika, na je, aliyeko madarakani ananufaika? Kama kifungu kinasema muhula mpya unaanza kuhesabiwa baada ya mabadiliko, umerudi 1992.

Sisi wa mpakani tunawaona majirani. Wao waliteleza wapi? (Mwendesha bodaboda, Busia)

Uganda ilikuwa na kufuli mbili kwenye katiba ya 1995: mihula miwili na umri usiozidi miaka 75. Yoweri Museveni, aliyeingia 1986, alichaguliwa chini ya katiba hiyo 1996 na 2001, kwa hiyo angetoka 2006. Mwaka 2005 bunge likaondoa kikomo cha mihula. Desemba 2017 likaondoa kikomo cha umri. Hakuna kufuli kati ya hizo iliyohitaji kura ya maoni kufunguliwa. Wingi wa wabunge ulitosha. Hapo ndipo penye tofauti na kwetu.

Burundi njia ilikuwa ya kuhesabu. Pierre Nkurunziza alidai 2015 kwamba muhula wake wa kwanza haukuwa na uzito kwa sababu 2005 alichaguliwa na bunge badala ya wananchi moja kwa moja. Mahakama ilimkubalia, na nchi ikaingia kwenye machafuko. Lakini si kila aliyejaribu alifaulu. Frederick Chiluba wa Zambia alitaka muhula wa tatu 2001, chama chake mwenyewe na wananchi wakamkatalia. Seneti ya Nigeria ilizima mpango kama huo wa Olusegun Obasanjo 2006.

Na wakuu wa serikali za Ulaya wanaokaa miaka kumi na sita bila kikomo? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Maseno)

Angela Merkel aliongoza Ujerumani 2005 hadi 2021, ndiyo. Lakini yeye, kama waziri mkuu wa Uingereza, alikaa kwa imani ya bunge, na bunge linaweza kumwondoa wiki yoyote bila kuthibitisha kosa. Margaret Thatcher aling'olewa 1990 na wabunge wa chama chake, akiwa hajashindwa uchaguzi mkuu hata mmoja. Rais wetu hawezi kuondolewa kwa kutopendwa tu. Ibara ya 145 inadai ukiukaji mkubwa wa Katiba au sheria, uhalifu, au utovu mkubwa wa maadili, halafu thuluthi mbili ya Bunge la Kitaifa na thuluthi mbili ya Seneti. Mlango wa katikati ukiwa mwembamba hivyo, ni lazima mlango wa mwisho uwe na tarehe.

Siku ya kutoka ni ipi hasa? Na rais anaweza kusogeza uchaguzi? (Mzee wa mtaa, Nyalenda)

Mzee, tarehe haiko moja, lakini inakokotoleka. IEBC ina siku saba baada ya uchaguzi kutangaza matokeo. Pasipokuwa na kesi, kuapishwa ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu tangazo. Ikiwapo, kesi hufunguliwa ndani ya siku saba, Mahakama ya Upeo huamua ndani ya 14, na ikithibitisha ushindi, kuapishwa ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu uamuzi. Pima kwa 2022: uamuzi Jumatatu 5 Septemba, siku ya saba 12, Jumanne iliyofuata 13. Uchaguzi ukifutwa, kama 1 Septemba 2017, unarudiwa ndani ya siku 60 na rais aliyepo anaendelea kukaa.

Anakaa, lakini mikono imefungwa. Tangu siku ya kura hadi mwingine aapishwe, Ibara ya 134 inamzuia kuteua majaji, kuteua au kufuta mawaziri na mabalozi, kutoa msamaha kwa wafungwa au kutunuku nishani.

Kusogeza uchaguzi kwa amri hawezi. Katiba inakubali muda wa Bunge kurefushwa nchi ikiwa vitani tu, kwa thuluthi mbili ya kila bunge, miezi sita kwa mara moja, na jumla isizidi kumi na miwili. Ukame, deni la taifa au sensa haviko kwenye kifungu hicho.

Mbona wabunge hawana kikomo? (Mama mboga, Mbale, Vihiga)

Kikomo kimewekwa kwa rais, naibu rais, gavana na naibu gavana, basi. Hao ndio wenye mamlaka ya kuteua, kutia saini na kuagiza fedha zitumike. Mbunge ni mmoja kati ya 349, na anayemchoka anaweza kumtoa kila baada ya miaka mitano. Wapo wanaotaka kikomo kiwekwe pia kwao. Sisi hatupingi, ila tunajua ni nani atakayepiga kura ya kukipitisha.

Nikitaka kupinga mswada wa kurefusha muhula, nifanye nini mbali na kulalamika? (Fundi cherehani, Njoro)

Andika waraka wa maoni. Ukurasa mmoja unatosha. Juu uweke jina na nambari ya mswada pamoja na mwaka, kisha jina lako na kaunti. Taja nambari ya kifungu unachopinga, nakili maneno yake, andika unachotaka badala yake au kwamba kifutwe, na sababu moja au mbili. Usichanganye na malalamiko ya bei ya mafuta, maana kamati hupanga maoni kifungu kwa kifungu na barua isiyotaja kifungu huishia kwenye rundo la "mengineyo". Tangazo la kuomba maoni hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge likiwa na siku ya mwisho na anwani. Peleka kabla ya siku hiyo, kwa barua pepe au kwa mkono kwa Karani wa bunge linalohusika, na ukipeleka kwa mkono, beba nakala ya pili ipigwe muhuri.